Kiraka Mgongoni mwa Tadei

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Tadei alichukua ndoo yake na kwenda kumwagilia bustani ya darasa la sita pale Katandala, mjini Sumbawanga. Baridi ya Juni huko Ufipa haina mzaha, jamani. Upepo unapenya shati na kutafuta mbavu. Shati la Tadei lilikuwa na kiraka kikubwa cha kaki mgongoni, ambacho mama yake, Silvana, alikikata kwenye suruali kuukuu ya baba. Tadei hakukionea haya. Nani angethubutu kumcheka mchezaji bora wa shule nzima?

Lakini hiyo ilikuwa kabla Isakwisa hajaja.

Isakwisa alihamia Sumbawanga kutoka Mbeya, kwa sababu baba yake alikuwa bwana shamba na serikali ilimleta huku. Walikaa mtaa wa Chanji. Mwanzoni Tadei alimpenda sana. Alimwonyesha njia za mkato, akamfundisha kusalimu wazee kwa Kifipa, na wakati wa mapumziko waligawana viazi vya kuchoma. Urafiki ulianza kuchacha siku Fundi Desmondi alipoleta mpira wake.

Fundi Desmondi alikuwa Mwaustralia aliyefundisha useremala misheni, na jioni alikuja shuleni kufundisha michezo. Huko kwao alikuwa mchezaji wa kulipwa kwa miaka mingi, mpaka goti lake lilipoharibika.

"Wa kulipwa, Mwalimu?" wanafunzi walishangaa. "Yaani kazi yako ilikuwa kucheza tu?"

"Kucheza tu!" Desmondi alicheka. "Nilikuwa naamka alfajiri kukimbia, mvua inyeshe, isinyeshe. Ukizembea, wiki inayofuata anacheza mwingine."

Mpira wenyewe ulikuwa na umbo la papai. Ulipigwa kwa mguu na kudakwa kwa mikono, na golikipa hakuwepo. Jambo lililowatoa watoto macho lilikuwa kudaka angani. Mchezaji mmoja anasimama imara. Mwenzake anakuja mbio, anaweka goti mgongoni mwake, anapaa, na kuudaka mpira juu ya vichwa vya watu. Yule wa juu wanafunzi walimwita mrukaji. Wa chini walimwita ngazi.

Siku ya Saba Saba shule ingeonyesha mchezo huo uwanjani, mbele ya viongozi wa mkoa na mji mzima. Mrukaji angekuwa mmoja tu, na Tadei alikwishajiona huko juu, watu wakimshangilia. Kumbe!

"Isakwisa ataruka," Desmondi alitangaza. "Tadei, miguu yako ina nguvu. Wewe utakuwa ngazi."

Ngazi! Tadei aliitikia, "Ndiyo, Mwalimu," lakini roho ilimuuma kweli kweli. Kuanzia siku hiyo hakuna alichokifanya Isakwisa kikampendeza. Akicheka, Tadei aliona anajidai. Akinyamaza, aliona anaringa. Hata viatu vyake vya raba vilimkera. Nyumbani mama alipouliza, "Mbona yule rafiki yako mrefu haji siku hizi?" Tadei aliusukuma ugali wa ulezi pembeni na kusema hana njaa. Alikuwa na njaa sana, masikini, ila wivu haukumwacha ale.

Jioni moja wakawa wanafanya mazoezi. Desmondi alipiga mpira juu. Isakwisa akaja mbio, na wanafunzi wengine wakaanza kuimba jina lake, "I-sa-kwi-sa! I-sa-kwi-sa!" Tadei alisikia jina hilo nyuma yake. Akasikia na hatua zinakaribia. Goti lilipogusa kiraka chake, alisogea pembeni.

Alisogea kidogo tu, lakini ilitosha. Isakwisa alianguka kama gunia, akapiga kelele na kushika kifundo cha mguu.

"Nimeteleza!" Tadei alisema haraka, kabla hajaulizwa.

Isakwisa, machozi yakimlengalenga, aliinua uso. "Msimlaumu," aliwaambia wenzake. "Ameteleza."

Afadhali angemtukana! Tadei alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo, kesho yake Desmondi alipotamka kwamba sasa Tadei ndiye atakayeruka, mwenyewe alitabasamu. Alikuwa amekipata alichokitaka. Sasa kwa nini usiku hakupata usingizi?

Siku chache baadaye Desmondi alimwambia amfuate nyumbani kwake wakachukue pampu. Ukutani palikuwa na picha iliyokatwa kwenye gazeti. Mtu mmoja alikuwa hewani, mikono imeukumbatia mpira, na goti lake limekaa mgongoni mwa mwenzake. Tadei aliikodolea macho.

"Mwalimu, kumbe uliruka juu namna hii!"

Desmondi alikuwa akitafuta pampu chini ya meza. "Kila anayeingia humu husema hivyo," alijibu. "Huyo wa juu si mimi. Mimi ni huyo wa chini."

Tadei aliitazama picha tena. Mtu wa chini hakuonekana hata uso. Ulionekana mgongo tu, na miguu iliyokaza ardhini.

"Lakini hukuonekana!"

"Sikuonekana. Na gazeti liliandika jina lake tu. Lakini nilikaa kazini miaka yote ile kwa sababu warukaji walijua mgongo wangu hausogei."

"Na... na kama ungesogea?"

Desmondi aliiweka pampu mezani taratibu. "Angeweza kuvunjika shingo," alisema. Kisha akamtazama Tadei usoni. "Mwezi huu wa Juni, mvua imenyesha lini hapa Sumbawanga?"

"Haijanyesha, Mwalimu."

"Basi, kwenye uwanja mkavu namna ile, mtu anatelezaje?"

Tadei alifungua mdomo, lakini uongo haukutoka tena. Machozi ndiyo yaliyotoka. "Nilisogea makusudi, Mwalimu. Nilimwonea wivu. Walikuwa wanaimba jina lake."

"Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe," Desmondi alisema. "Kuruka hutaruka. Na mtu wa kumwambia maneno haya si mimi. Unapajua kwao."

Njia ya Chanji siku hiyo ilikuwa ndefu ajabu. Tadei alimkuta mama yake Isakwisa akipepeta maharage uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Rafiki yako yumo ndani."

Neno hilo, rafiki, lilimchoma. Aliingia, akasimama karibu na mlango, akasema yote bila kupunguza hata moja. Isakwisa alikuwa ameuweka mguu wake uliovimba juu ya kigoda.

"Mimi nilikutetea," alisema. "Nenda zako."

Tadei alikwenda zake. Alidhani akishasema ukweli mambo yatakwisha papo hapo. Hayakuisha. Isakwisa aliporudi shuleni akichechemea, alikaa dawati jingine. Tadei hakumlazimisha. Alimwagilia sehemu ya bustani ya Isakwisa kila asubuhi pamoja na ya kwake, na hakumwambia mtu.

Saba Saba ikafika. Uwanja ulijaa watu na bendera, ngoma zikalia. Mguu wa Isakwisa ulikuwa umepona. Desmondi aliwaita wachezaji kando.

"Isakwisa, chagua mwenyewe mgongo utakaorukia," alisema.

Isakwisa aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamsogelea Tadei.

"Bustani yangu, ni wewe uliyekuwa unaimwagilia?"

Tadei aliinamisha kichwa. "Ni mimi."

"Ukisogea tena, Tadei, nakwambia, mimi na wewe basi!"

"Sisogei."

Mpira ukapaa. Umati ukaanza kuimba jina, na jina halikuwa la Tadei. Je, wivu haukumchoma? Ulimchoma kidogo, tusidanganyane. Lakini alikaza miguu, akabana meno. Goti lilitua kwenye kiraka, uzito wote ukamwelemea. Hakusogea. Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe, na Isakwisa akashuka salama, mpira kifuani.

Wiki iliyofuata picha zilizopigwa siku ile zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo sokoni, na watu wakasongamana kutazama.

"Huyu mrukaji ni mtoto wa bwana shamba," mtu mmoja alisema. "Na huyu wa chini ni nani?"

"Nani atajua? Hana hata uso."

Silvana, mama yake Tadei, kapu kichwani, alijipenyeza mpaka mbele. Alitazama, kisha akacheka kwa sauti. "Mimi namjua! Kiraka hicho nimekishona kwa mkono wangu. Huyo ni mwanangu Tadei!"

Tadei, aliyekuwa nyuma yake pamoja na Isakwisa, alificha uso kwa aibu. Mama aligeuka, akamshika bega. Habari za kosa lake alikuwa amezipata kwa Desmondi.

"Mwanangu," alisema, "mwenzako akipata sifa, wewe hupungukiwi kitu. Ulipunguka siku ile uliposogea na kusema uongo. Na ulipousema ukweli, ukasimama imara chini yake, hapo ndipo nilipokuona. Kumbuka hivyo hata utakapokuwa mtu mzima."

"Nimesikia, mama," Tadei alisema.

"Haya, nibebeeni kapu hili, nyote wawili. Leo mnakula kwetu."

Wakalishika kapu, Isakwisa upande huu na Tadei upande ule, wakaelekea Katandala.