Mteja Aliyetia Ila

Mteja wa kwanza alifika kabla umande haujakauka, na nyasi alizokanyaga hazikulala. Twyla Combs aliliona hilo akalipuuza, maana meza zilikuwa hazijapangwa na kahawa yake ilikuwa inapoa.

Katika vilima vile vya Kentucky hakukuwa na mwanamke aliyejua kununua kama Twyla. Kila Jumamosi ya kiangazi, watu walipotoa vyombo vyao vya zamani na kuvipanga uani viuzwe, hakukosekana. Atashika taa, ataigeuza, ataupapasa ufa na kusikitika kidogo, "Ina ila hii, dada," kisha ataanza kuondoka taratibu mpaka aitwe. Bei ilishuka yenyewe. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, muuzaji alikuwa yeye.

Mteja yule alikuwa mzee mrefu, amevaa koti zito katika joto la Agosti, na alinuka kama sanduku lililofungwa miaka mingi. Aliuliza bei ya kila kitu asinunue hata kijiko. Mwisho akasimama mbele ya kiti cha bembea. Josie, binti wa Twyla wa miaka mitano, alikuwa amekikalia, na kwa mchezo amejibandika kikaratasi cha bei kifuani.

"Na huyu?" mzee aliuliza.

Kule utani huo ni wa kila ua. Hakuna muuzaji asiyewahi kumnadi mumewe au mtoto wake. Majirani walicheka, Twyla naye akacheka.

"Huyo? Toa bei tu, mzee."

Mzee hakucheka. Alimtazama Josie kutoka utosini hadi miguuni.

"Anakohoa," alisema, akaenda zake.

Josie hakuwa na kikohozi. Kilimwanza mchana ule.

Kesho yake Twyla alikuwa akianika nguo alipoisikia ile harufu. Mzee alikuwa nje ya ua, mikono mfukoni. Alisema macho ya mtoto yana ukungu, na wakati wa chakula Josie alikuwa akipapasa meza kutafuta kijiko kilichokuwa mbele yake. Siku iliyofuata akasema mguu wa kushoto ni mfupi, na Twyla, aliyekuwa amefunga milango yote na kuziba madirisha kwa mablanketi, akamsikia mwanawe akija kutoka chumbani, hatua moja nzito, moja ya kuburuta, akikohoa na kuuliza kwa nini kuna giza mchana, na harufu ile ikiingia chini ya mlango kana kwamba nyumba nzima imetiwa sandukuni.

Twyla alitoka akapiga magoti kwenye nyasi. Alimwambia mzee kwamba mtoto hauzwi, ulikuwa mzaha, amsamehe.

"Ulisema nitoe bei," mzee alijibu kwa upole. "Nisubiri. Bado hajashuka vya kutosha."

Twyla aliujua mchezo ule, kwani ulikuwa wake. Unatia ila, unatia ila, mpaka mwenye mali aseme chukua tu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye aliingia na mwanawe mgongoni.

Alimbeba mpaka kwa Bibi Ocie, ajuza aliyetibu chunjua kwa kuzinunua. Akikupa senti moja, chunjua ni yake na mkononi mwako inakauka. Bibi alisikiliza yote, kisha akatoa senti kwenye aproni.

"Niuzie mtoto. Usipandishe, usishushe."

Twyla alipokea huku akilia. Harufu ilikuwa imeshafika langoni. Bibi Ocie alitoka akasimama kizingitini.

"Huyu ni wangu," alisema, "na mimi siuzi."

Mzee akagusa kofia, akageuka. Josie akaacha kukohoa, akauliza yule paka mwekundu dirishani ni wa nani. Twyla alitaka kuirudisha senti papo hapo. Bibi akakataa.

"Mtoto akirudi kuwa wako, mwanangu, yule mzee atarudi kukudai neno lako. Mwache awe wangu. Wewe mlee tu."

Akamlea, kwa furaha, majira yote ya baridi.

Majira ya machipuko, Bibi Ocie alifariki usingizini. Wanawe walikuja kutoka Ohio, wakamzika, na Jumamosi wakatoa vyote uani, vitanda, sufuria, hata aproni. Twyla alikuja na Josie mkononi kununua chochote cha kumkumbukia, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na nia ya kuomba apunguziwe.

Nyuma yao kwenye foleni kukanuka sanduku.

"Vyote alivyoacha marehemu vinauzwa?" sauti ya upole iliuliza.

Josie akakohoa.

Mtoto mkubwa wa Bibi Ocie alikuwa ameinama akifunga vikombe kwenye gazeti, wala hakuinua kichwa.

"Vyote, mzee," alisema. "Toa bei tu."