Diski Mbovu na Kitendawili cha Mama

Nisogeleeni, hii ni ya juzijuzi tu. Jengo la mafundi wa simu na kompyuta lilikuwa limefurika watu. Mshonaji mmoja, gauni la kijani lililomkaa, amekumbatia kompyuta yake kama mtoto mwenye homa, alipigwa kikumbo akaishia kwenye meza ya fundi mrefu.

"Pole, dada. Umeniletea mgonjwa?"

"Haiwaki. Inakwaruza tu."

Fundi akatega sikio, akashika bisibisi. "Diski imekufa. Nitaweka mpya, nisakinishe mfumo upya. Itakuwa kama imezaliwa leo."

"Humo mna sauti ya mama yangu akinitegea vitendawili. Sina nakala nyingine."

Alisema kama anayetaja bei ya uzi. Tangu mazishi ya mama alikuwa hivyo: halii, hacheki, chakula kinapita kooni kama pamba. Fundi akauacha utani, akaandika namba yake ya simu.

Kesho yake akapiga simu. "Mgonjwa wako anauliza atumie lugha gani."

"Kiswahili."

"Sasa anataka jina la mwenyewe. Niandike Mrembo?"

"Andika Mshonaji."

"Haya, Mshonaji wangu."

"Wako tangu lini?"

Simu zikawa za kila jioni. Mshonaji alishangaa midomo yake kutaka kucheka. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi ukianza kuchomachoma.

Alipoifuata kompyuta, fundi hakuwepo. Jirani wa meza akamkabidhi: safi, inawaka, tupu.

"Na diski ya zamani?"

"Mbovu? Hizo huwa tunatupa, dada."

Hakugombana. Alirudi kwenye cherehani yake, na ganzi ikampanda tena. Simu ya fundi ikaita, ikaita. Hakupokea.

Ndipo fundi akamfuata mwenyewe, shati limenyooshwa pasi hadi kola.

"Umeninunia bure, mpenzi. Diski ninayo mimi. Siku ile nilikuwa kwa mwenzangu anayezifufua. Sikukwambia, niliogopa kukupa matumaini hewa. Imetoka sauti moja tu, nayo imekatika."

Akabonyeza simu yake.

"Kitendawili!" Mama, mzima kabisa.

"Tega!" Mshonaji mwenyewe, enzi hizo.

"Akiwepo hatumtaji, akiondoka, nyumba nzima inamwita."

Kisha mkwaruzo. Basi.

Mshonaji alingoja machozi. Hayakuja.

"Jibu lake nini?" fundi akauliza. "Limenisumbua njia nzima."

"Umeshindwa? Nipe mji."

Fundi akakuna kichwa. "Mji sina. Nina chumba na sebule, bomba linavuja. Nakupa hicho, uje ukae nami, mke wangu."

Mshonaji akaiacha cherehani, akaushika mkono wa fundi. Ulikuwa na joto, na alilihisi.

"Nimekwenda, nimefika, nimekaa," akasema taratibu, vilevile alivyosema mama kila alipopewa mji. "Jibu ni umeme."

"Umeme!" Fundi akaangua kicheko.

Mshonaji naye kikamponyoka, na katikati ya kicheko hicho ndipo, hatimaye, alipomlilia mama yake.