Neno Lililoitika

Kadi ile haikuwa na mwandiko wake. Mzee Kamusi, kama majirani walivyozoea kumwita, alikuwa amechoka. Miaka thelathini ya kukusanya maneno ya kamusi yake ilikuwa imemla macho na mgongo, na sasa ilibaki kadi hii moja, yenye neno, nafasi tupu ya maana, na harufu ya udongo uliolowa. Neno lenyewe sitalitaja.

Kazini alikuwa na mazoea yake: haandiki maana mpaka alitamke neno mara tatu kwa sauti, asikie linakaaje mdomoni. Akalitamka. Mara ya tatu, jikoni mtu akaitika, "Labeka."

"Nani ameitika?" akamuuliza mkewe.

"Mimi sikuitika. Nilikuwa uani naanika nepi. Haya maneno yatakutia wazimu, baba watoto."

Alichoka hata kuogopa. Akajinyoosha kitandani. Kumbe binti yao, mzazi wa siku sita, alilisikia neno kupitia ukutani, likampendeza, na kabla jua halijazama alikuwa ameshampa mwanawe liwe jina lake.

Tangu hapo mtoto akiitwa wanaitika wawili: yeye kwa kilio, na mwingine nyuma ya mlango, kila siku karibu zaidi, mpaka mchana mmoja mama alipombembeleza kwa jina lake naye asilie, akapoa mwili mzima, macho yamemtoka, na ile labeka ikatoka ndani ya kifua chake kidogo, nzito, ya mtu mzima, huku harufu ya udongo uliolowa ikijaa chumbani.

Mganga waliyemleta aliinusa kadi, akairudisha upesi.

"Ulitafuta asili ya neno hili?" alinong'ona. "Halina asili. Lina mwenyewe."

"Amwache mjukuu wangu."

"Ameitwa, amekuja, mzee wangu. Haondoki mikono mitupu. Lazima jina libebwe na mtu."

Mzee hakubishana. Mbele ya wote alimpa mtoto jina lake mwenyewe, na lile akalichukua yeye. Mtoto akapata joto, akanyonya. Bibi yake alilia sana.

Kwenye kadi, mahali pa maana, mzee aliandika: *Mimi.* Kamusi ikaisha.

Nyumbani hakuna anayethubutu kumwita kwa jina hilo. Lakini kila alasiri, jikoni kusiko na mtu, kuna anayelitamka mara tatu, taratibu, kama anayesikiliza linakaaje mdomoni. Na mzee, pamoja na uchovu wake wote, huinuka kitini.

"Labeka," huitika, akaenda.