Bado ya Séphora

Jioni ya mechi, ukumbi wa barafu wa Columbus, Marekani, hujaa watu kama soko la Jumamosi. Novemba ile ya 2014, katikati ya fulana za bluu na harufu ya bisi, kiti cha magurudumu cha mzee mmoja kilikwama mlangoni. Msichana aliyekuwa akikisukuma akasahau Kiingereza chote.

"Yesu wangu! Hii kitu nayo!"

"Inua mbele kwanza, dada," sauti ikamjibu kwa Kiswahili. "Ukisukuma tu, itakataa."

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa cha wafagiaji, na furaha yake hakujua kuificha. Kijana naye aliliona koti jekundu lililobana kiunoni, akayaona macho ya mwenye koti, akausahau ufagio wake. Aliitwa Ntwari, mwana wa wafugaji wa milima ya Kivu Kusini. Mchana alipakia mizigo ghalani, jioni za mechi alifagia humu. Msichana alikuwa Séphora wa Bukavu, mtunza wazee katika mji wa Louisville.

"Na huyu papa?"

"Ni Mzee Ovila. Alichezaka hapa, zamani sana."

Kweli alicheza. Ovila Gendron, Mkanada, alilipwa kucheza hoki ya barafu enzi ambazo wachezaji hawakuvaa kofia ngumu. Pua iliyopinda na meno ya mbele yasiyokuwapo vilitosha kuwa ushahidi. Sasa uzee ulikuwa umemnyang'anya Kiingereza, ukamwachia Kifaransa cha utotoni, na katika nyumba ile ya wazee ni Séphora tu aliyekijua. Kwa mkono wa mwingine hakula.

Simu zikaanza, Ntwari akipiga kutoka Linden, mtaa wa Columbus, Séphora akipokea Newburg, mtaa wa Louisville. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki: wamama wa kanisa walishajua kabla ya Noeli.

"Bwana yako wa barafu anaendelea?" Ntwari alimtania.

"Usimucheke. Leo amenipa historia yake. Alianza hapa Louisville, wakamuuza Columbus, kisha wakamuuza Buffalo."

"Wakamuuza? Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe. Na kule Columbus alikuwa na mupenzi, Florence. Kila mwaka anamwambia, saison ya hoki ikiisha nitakuowa. Saison inaisha, anauzwa. Mwisho Florence akaolewa na mwingine."

"Bon. Mi siuzwi. Nitume wazee kwa papa Kataliko lini?"

Kataliko ndiye baba mdogo aliyemlea Séphora.

"Bado, chéri. Subira huvuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Walicheka wote wawili, lakini Ntwari hakuwa akitania.

Mwaka uliofuata, majani yalipoanza kuanguka, mpwa wa Mzee Ovila aliamua kumhamishia nyumbani kwake Buffalo, mtaa wa Black Rock, karibu na mto. Akamwomba Séphora afuatane naye. Séphora akakubali kwanza, ndipo akampigia Ntwari. Hapo alikosea, na alijua.

"Umekubali bila kuniuliza?"

"Bila mimi hatakula, Ntwari. Atakufa."

"Na sisi?"

"Sisi bado tuko vijana."

"Bado, bado! Kila siku bado!" Akakata simu.

Wiki zilipita kimya. Hatimaye kiburi kilimwisha Ntwari, akaandika ujumbe: "Bado unanipenda? Ao umeshapata mwingine?" Ulimkuta Séphora akimwogesha mzee. Kwa kidole chenye maji aliandika neno moja: "Bado."

Yeye alijibu swali la kwanza. Ntwari akalisoma kama jibu la swali la pili: mwingine hajapatikana, ila anatafutwa. Neno letu hili moja hubeba yote mawili, na siku hiyo lilimchoma moyo. Akaifunga namba ya Séphora. Séphora alipiga, akapiga tena, asijue kosa lake. Akaamini ameachwa, akawa analia jikoni ili mzee asimwone.

Alasiri moja ya theluji, akimlisha mzee supu, alitafuta neno lolote la kusema ili asilie. Akamuuliza kwa Kifaransa kama aliwahi kuoa.

Mzee alimeza, akatazama mlango.

"Pas encore," akasema. Bado. "Florence ananingoja Columbus."

Séphora aliweka kijiko chini. Mtu amepita miaka tisini, mchumba alishaolewa na mwingine enzi hizo, naye bado anasema bado! Aliogopa. Alijiona yeye mwenyewe katika kitanda kile, amezeeka, akimwambia mgeni jina la Ntwari.

Alimfundisha mpwa wa mzee maneno ya kumlishia: "Mange, papa." Kula, baba. Mzee alisusa, akanung'unika, kisha akafungua kinywa. Kesho yake Séphora alivaa koti lake jekundu, akapanda basi la Columbus.

Alimkuta Ntwari mlangoni pale pale, anafagia bisi.

"Umekuja kuniambia umemupata?"

"Nani?"

"Mwingine. Si uliniandikia bado?"

Séphora aliduwaa. Kisha akaelewa, na hasira ikamjia pamoja na machozi.

"Mujinga weye! Nilijibu swali ya kwanza! Bado nakupenda! Na weye unauliza maswali mbili mara moja, kama polisi!"

Watu waligeuka kuwatazama. Ntwari aliegemea ufagio.

"Nisamehe, mama."

"Na mimi unisamehe. Bado zangu zilikuwa mingi."

"Donc basi, nauliza moja tu. Nitume wazee lini?"

"Kesho," Séphora akasema. "Na maghala iko hata Buffalo."

Walifunga ndoa Buffalo, Mei ya 2016. Walipotoka kanisani, kabla ya kwenda ukumbini, Séphora alipanda chumbani kwa mzee akiburuta gauni jeupe, Ntwari nyuma yake katika suti ya kijivu na kofia. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia kwa Kifaransa kwamba ameolewa.

Mzee alilitazama shela, akamtazama Ntwari.

"Déjà?" akauliza. Tayari?

"Déjà, papa."

Alilipapasa shela kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Basi mimi nimechelewa," akasema taratibu.

Ntwari alivua kofia, na Séphora akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili. Nje magari ya arusi yalipiga honi, yakapiga tena. Bibi arusi hakuinuka mpaka mzee alipolala.