Nafasi ya Gaudiosa

Gaudensi aliandika majina arobaini. Mashine ikahesabu arobaini na moja.

Ilikuwa kompyuta ya biti nane, dude la zamani aliloliokota stoo ya chuo alikofundisha ufundi kabla hajastaafu na kurudi kwake Izia. Kumbukumbu yake ilikuwa kiduchu. Programu ya kuorodhesha majina ya ukoo aliyoitunga ilipokataa kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine kwa kukosa nafasi, alikuwa amefuta mstari mmoja: Gaudiosa, mke wake wa kwanza. Marehemu hakuacha mtoto, alijisemea, nani atauliza? Mwanaume mzima, aibu hana. Hata pombe ya ulezi ya kumaliza msiba wake haikupikwa, kwa haraka aliyokuwa nayo ya kumwoa Victoria.

Akatafsiri upya. Diski ya flopi ilikwaruza, chumba kikanuka kimea cha ulezi kilicholowa. Safari hii majina yalitimia arobaini, lakini Gaudiosa alikuwamo. Aliyekosekana ni Jane, binti yake na Victoria, wa miaka sita. Papo hapo Victoria akaita kutoka uani kwamba mtoto ameanguka, hapumui vizuri.

Gaudensi alimrudisha Jane, akamfuta Gaudiosa, akatafsiri, akarudia tena na tena, jua la saa tisa likiwaka dirishani na upepo wa Juni ukitingisha bati, na kila mara flopi ilikwaruza taratibu, bila hasira, kama mwanamke anayesaga ulezi juu ya jiwe, na kila mara jina la mtoto lilitoka na pumzi zake kule uani zikazidi kufifia.

Victoria alisimama mlangoni, Jane mikononi, akaona kwenye skrini jina la Gaudiosa likifutwa.

"Mrudishie mwenzangu nafasi yake," alinong'ona. "Baba Jane, nakuomba."

"Haitoshi. Lazima mmoja atoke."

"Basi toka wewe uliyemtoa."

Gaudensi alimchukia kwa kusema vile. Akaliandika jina la Gaudiosa kwa mkono wake, akalifuta lake mwenyewe, akabonyeza.

Programu ilipita bila kosa hata moja. Jane alivuta pumzi ndefu, akafumbua macho. Gaudensi alilia kwa furaha, akanyoosha mikono ampokee. Mtoto akajificha kifuani kwa mama yake.

Victoria naye alirudi nyuma hatua moja, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Humu ndani unamtafuta nani?"