Picha Thelathini na Sita za Bibi Paulina

Wananchi wote wa Newala walitangaziwa, kwa karatasi yenye mhuri iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya wilaya mwezi Julai 1993, kwamba saa ya ukutani iliyomo ndani inakwenda mbele kwa dakika sita, na kwamba kila mtu aendelee na shughuli zake kama kawaida. Aliyelipiga chapa tangazo hilo, Josephina, aliteremka Masasi siku ya pili kutafuta utepe mpya wa taipureta.

Cecil, karani wa ofisi ya elimu, alikuwa amesimama sokoni Masasi na kamera aliyoinunua juzi kwa fundi redio. Ilikuwa Zenit ya Kirusi yenye umri unaokaribia wake, chuma kitupu. Haikutaka betri. Sindano ndogo juu yake ilipima mwanga. Mtu akageuza gurudumu la kasi, akafungua au kufumba tundu la lenzi, akakosea, akarudia. Anayeanza hawezi kupata mwalimu mvumilivu zaidi, na Cecil alikwisha kufundishwa na wengi.

Alipozungusha lenzi, ukungu ulitakata, na katikati ya mabeseni ya plastiki akatokea msichana mwenye gauni la kitenge cha manjano lililotuna mabegani, viatu vyake vimeshika vumbi jekundu la Newala.

"Kaka, umenilenga mimi au mabeseni?"

"Mabeseni, dada. Umeingia mwenyewe."

"Basi nitoke."

"Subiri kwanza. Tangu uingie, sindano imetulia."

"Na mwenye sindano?"

"Huyo bado."

Tangu hapo Cecil akawa anapanda Newala kila Jumamosi, na Josephina akawa anamwita Fundi, jina ambalo hakuwa amelistahili. Msichana aliomba kitu kimoja tu: picha ya bibi yake mzaa mama. Bibi Paulina, ambaye chale za Kimakonde zilimpamba uso mzima, alikuwa amewafukuza wapiga picha watatu, na sasa miguu ilianza kumwacha.

"Shikamoo bibi," Cecil alisema.

"Marahaba, mume wangu. Huyu nitamkalia anipige picha," Bibi Paulina alimwambia mjukuu wake. "Anaiogopa mashine yake. Wale wengine walidhani ni yao."

Akavaa khanga mpya, akakaa wima. Fundi redio alikuwa ameonya kwamba jua huua mkanda. Kwa hiyo Cecil aliupachika kwa kupapasa, kamera ikiwa imefunikwa khanga, bila kuona kama ncha yake imeshika. Kisha akapiga. Kioo cha ndani kiliruka kwa kishindo kizito, cha heshima. Namba ya picha ilifika thelathini na sita, ambapo mkanda hukomea, ikapita, ikafika arobaini. Cecil aliuona huo kuwa ukarimu wa Warusi.

Mtwara, aliposafishiwa, mkanda ulitoka mtupu. Haukuwa umesogea hata hatua moja.

Cecil hakupanda Newala Jumamosi iliyofuata, wala nne baada yake. Ndipo simu ya ofisi ya elimu ilipolia.

"Fundi, wewe mzima?"

"Mzima, mpenzi. Kazi nyingi."

"Kazi gani? Huku wanasema sura ya bibi yangu inauzwa Mtwara kwa Wazungu, kwenye kadi. Nijibu taratibu, ofisi nzima inasikiliza."

"Huku pia wanasikiliza."

"Basi wote wasikie. Umemuuza?"

"Hakuna cha kuuza, Josephina. Mkanda haukushika. Nilipiga hewa mara arobaini."



"Kwa hiyo kosa lako ni ujinga tu?"

"Ujinga, na woga wa kukwambia."

"Ujinga nausamehe leo. Woga utakuja kuombea msamaha hapa, kwa miguu yako."

Alikwenda Jumamosi ya wiki hiyo. Josephina alimpokea uani, gauni lile lile la manjano, akamnyang'anya kamera, akafungua mgongo wa mashine juani.

"Pachika mkanda nikiona."

Akapachika. Akavuta wenzo, na kitufe cha upande wa pili kikazunguka polepole, ishara kwamba mkanda unakwenda. Josephina alikitazama hadi kikasimama, kisha akamtazama Cecil kwa muda mrefu zaidi.

"Sasa nakuamini. Kampige bibi."

Lakini Bibi Paulina alitikisa kichwa. "Mtu baki nilimkalia mara moja, akaniharibia siku. Mara ya pili nitamkalia mkwe."

"Bibi, hiyo ni posa?" Cecil aliuliza.

"Mimi ndiye nipose? Nina meno mangapi?"

Cecil akamgeukia Josephina. "Unasemaje?"

"Nasema umechelewa wiki tano," alisema Josephina, na hakuuachia mkono wake. "Kamwone mjomba."

Mjomba Edmund, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, alikuwa pia mtendaji wa kata, na hakuwa na namna nyingine ya kusema isipokuwa ya kiofisi. Aliitisha kikao, akaandika, akasimama, akasoma: posa ya ndugu Cecil imepokelewa kwa furaha, uaminifu wake, hata hivyo, uliingia doa kwa habari ya picha, kwa hiyo kikao kimeamua kwa kauli moja kwamba posa itakubaliwa rasmi mara tu picha ya Bibi Paulina, ambaye amekwisha kutamka kwamba atamkalia mkwe tu, itakapowasilishwa.