Shanta ya Rahaf

Jumamosi tarehe 19 Agosti 2017, saa tisa na nusu alasiri, Selipher alitoka jikoni na ndoo ya kupigia deki, akaikuta shanta ya marehemu imeegemea mwimo wa mlango.

Alisimama. Asubuhi ile ile alikuwa ameipandisha mwenyewe juu ya kabati la chumba cha mwisho. Sasa ilikuwa hapa chini, imeinamia upande mmoja, kama mtoto aliyechoka kumngoja mama yake amalize kupika. Chini yake palikuwa na maji kidogo. Selipher alichovya kidole. Yalikuwa vuguvugu, yakinuka chumvi na makaroni yaliyochemka. Siku hiyo hakuwa amepika makaroni.

Alipangusa sakafu, akairudisha shanta kabatini, asimwambie mtu. Wa kumwambia alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amelala.

Fleti ile ya ghorofa ya nne, mjini Jeddah, madam aliachiwa na mama yake mzazi. Maskani yao hasa yalikuwa Riyadh, na huko ndiko alikobaki baba wa nyumba, kafili wake Selipher, yaani mdhamini wa kazi yake, pamoja na maghala yake ya Al-Sulay. Binti yao Rahaf alipofariki Julai ile, watu wa Riyadh walikuja kutoa pole, na wakiisha kutoa pole waliuliza. Msichana wa miaka ishirini alikuwa Italia na nani? Peke yake, na shanta mgongoni? Wazazi wenyewe walijua yuko chuoni Uingereza. Madam alichoshwa na maswali. Alimwacha mtoto wa kiume kwa bibi yake mzaa baba, akachukua shanta, akamchukua Selipher, wakaja Jeddah na mlango ukafungwa. Ufunguo aliulalia chini ya mto.

Mkataba wa Selipher ulikuwa umeisha tangu Ramadhani. Kila alipoomba kurudi kwao Kakamega, ambako mama yake alikuwa akimngoja, madam alimjibu polepole, bila ukali, "Ukienda, nani atamkumbuka pamoja nami?" Pasipoti ilikuwa Riyadh. Basi wakakaa hivyo, wanawake wawili na shanta moja, mapazia yamefungwa mchana na usiku, kiyoyozi kikinguruma.

Kulikuwa na jambo ambalo Selipher alilijua na madam hakulijua. Alipofika kazini mwaka 2012 alipewa kumlea kitinda mimba, akambeba mgongoni kwa leso kama yeye alivyobebwa kwao. Rahaf, wakati huo ana miaka kumi na mitano, alicheka sana. Kisha akaomba afundishwe kufunga. Alimbeba mdogo wake, akabeba mito, akabeba hata paka wa jirani. Siku ya kwenda Uingereza aliiomba ile leso, ya buluu yenye pindo jekundu, na Selipher akampa.

Kiangazi kile Rahaf alitoroka chuo akaingia Italia, na kila alipofika alimtumia Selipher ujumbe wa sauti kwa simu, Kiarabu kikichanganyika na Kiswahili cha jikoni. Alilala chumba kimoja na wageni wanane wanaokoroma. Alikunywa maji baridi ya mabomba ya barabarani Roma, bure, akalowanisha kichwa mbele za watu na hakuna aliyemkemea. Aliibiwa kofia Napoli, na siku hiyo hiyo mama muuza matunda akampa pichi tatu akakataa pesa. "Seli," alisema, "leo hakuna mtu aliyeniambia niende wapi." Zikaja na siku nyingine: amepanda treni isiyo yake, mabega yamechubuka, amekula peke yake siku yake ya kuzaliwa. Mikanda ya shanta ilipomuumiza zaidi aliizungushia leso, akafunga fundo kifuani, na akasema sasa ni kama amebeba mtoto.

Kisha akapanda milima ya kusini. Adhuhuri moja alipumzika katika kijiji kilichohamwa, nyumba hazina mapaa. Akachemsha makaroni kwa jiko lake dogo, akamwaga yale maji ya moto kupitia dirisha la nyumba mojawapo. Katika ujumbe ule unasikika mmwago wa maji, halafu kitu kinalia, kidogo, kama mtoto wa paka. Rahaf anacheka. Hakusema bismillahi.

Baada ya hapo kila ujumbe ulihusu uzito. Alitupa viatu, akatupa vitabu, akatupa sufuria, na shanta ikazidi kuwa nzito. Wa mwisho hauna maneno. Ni pumzi tu, na hatua juu ya mawe, na Rahaf akibembeleza kwa wimbo wa Kiluhya aliousikia kwa Selipher. Walimkuta chini ya ngazi za mawe ziendazo baharini, amelala kifudifudi, shanta mgongoni. Fundo lilikaza hata ikabidi askari wa huko waikate leso.

Vile vipande viwili Selipher alivipokea mwenyewe. Alivifua, akavikunja, akavitia ndani ya shanta.

Siku ya pili baada ya kuikuta shanta mlangoni, wakati ule ule wa alasiri, Selipher alisikia kilio. Hakikuwa kilio cha kuogopesha. Kilikuwa kile cha mtoto aliyelia hadi akakauka, amebaki na kwikwi. Kilitoka chumba cha mwisho. Alipofika, shanta ilikuwa katikati ya sakafu, na juu yake leso ya buluu, nzima, haina hata mshono. Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Mwanamke aliyelea hangoji kufikiri. Mikono yake hutangulia. Selipher aliinama, akaitupia shanta mgongoni, akavuta leso kwapani, akafunga kifuani, na kabla hajajijua alikuwa anayumba kidogo kidogo, akipapasa chini ya mzigo kwa kiganja. Kilio kilikatika. Kitu kikavuta pumzi ndefu nyuma ya shingo yake, kikajilaza.

Ndipo alipoogopa. Alishika fundo. Lilikuwa gumu kama jiwe.

Alirudi nyuma hadi ukumbini, na huko akakutana na madam ametoka kulala, nywele wazi. Selipher alitaka kusema, lakini madam alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Geuka," alinong'ona madam. "Nipe mgongo. Hivyo hivyo." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Sasa tembea. Tembea polepole, kama anavyotembea."

Selipher akatembea. Ukumbi ule ulianzia mlango wa nje, uliofungwa, ukaishia chumba cha mwisho. Alikwenda na kurudi, madam ameketi chini ameegemea ukuta, akiutazama mgongo wa mwanawe, hadi adhana ya magharibi ilipolia na fundo likalegea lenyewe.

Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Na kesho kutwa. Ikifika alasiri kilio kinaanza, na asipokwenda kinaingia jikoni, kinaingia masikioni, na madam naye anaita, "Yalla, mvae." Hakujua kati ya hao wawili ni yupi anayemwamrisha. Mzigo ukazidi. Kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe alianza kusikia vumbi chini ya nyayo, halafu kokoto, halafu mawe yaliyochomwa na jua, na ule ukumbi aliokuwa akiumaliza kwa hatua chache ukawa hauishi, unapinda, unapanda, kuta zake zina mizabibu, na mbele linatiririka bomba la maji barabarani ambalo hajawahi kuliona lakini alilitambua, kwa sababu aliwahi kusimuliwa baridi yake, na akipita hapo anasikia harufu ya pichi na sauti ya mama mmoja akimwita kwa lugha asiyoijua, kisha treni, kisha kengele, kisha kijiji kisicho na mapaa ambapo kile kilicho mgongoni kilijikunyata na kumng'ang'ania shingo, na kila siku adhana ilimkuta mbali zaidi kuliko jana, hadi siku moja, kabla tu ya fundo kulegea, alisikia harufu ya bahari.

Aliijua njia hiyo inakoishia.

Naftali, dereva Mkenya wa familia, alifika toka Riyadh na mchele na maji ya chupa. Madam alifungua mlango mwenyewe, akasimama pembeni akizungumza na mumewe kwa simu. Naftali alimtazama Selipher akiinua katoni, akatania kwa sauti ya chini, "Dada Seli, chakula unakula wewe ama unapikia majini?" Alipoona hacheki, naye akaacha kucheka. Selipher alimweleza yote kwa mnong'ono, maneno machache, huku akipokea mizigo. Naftali alikuwa mtu wa kanisa, haamini upesi. Lakini alimwona akiweka chini katoni na bado mgongo haunyooki.

"Vumilia," alimwambia. "Kuna mama mmoja kule Balad, mji wa kale, anauza ubani. Anaongea Kiswahili cha Unguja. Wanasema anajua."

Mama huyo, Bi Shamsa, alikuja Alhamisi, alasiri, na mkoba wa ubani. Madam alimfungulia kwa kuwa Bi Shamsa aliwahi kumfukizia mama yake. Aliingia, akamkuta Selipher ukumbini, anakwenda, macho wazi hayaoni, miguu peku inaacha alama za maji sakafuni. Bi Shamsa alinusa, akavua viatu.

"Mwanangu, umebeba mtoto wa watu," alisema. "Kaungua. Nani kamuunguza?"

Selipher alimsikia kwa mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Hakuweza kusimama, lakini mkono ulipata njia ya mfukoni, ukatoa simu, ukatafuta. Na pale ukumbini ikasikika sauti ya Rahaf, hai, imejaa kicheko, ikisema jua ni kali na makaroni yameiva. Maji yakamwagika. Kitu kikalia.

Madam alisema, "Huyo ni mwanangu." Alikaa chini. Alisema tena, "Huyo ni mwanangu anacheka."

Bi Shamsa alimweleza madam kwa Kiarabu. Viumbe wale nao wana watoto, na adhuhuri wanawalaza penye magofu. Aliyemuunguza alibebeshwa. Alipokufa, mtoto akamtafuta mwenye leso. Hatashuka mpaka mtu wa damu ya aliyemuunguza amwombe radhi na amfungue kwa mikono yake. Na leo, alisema, huyu mjakazi wako anakaribia mwisho wa safari.

Madam alitikisa kichwa. "Akiivua sitamwona tena," alisema. "Mafi, hapana. Kwa mgongo huu tu ndipo ninapomwona."

Wakati huo Selipher alikuwa juu ya ngazi za mawe. Aliziona zote zikishuka, nyembamba, zimelika katikati, na chini kabisa bahari nyeupe kwa jua, na mzigo ulikuwa umemwinamisha hata kidevu kikagusa fundo, na mikono midogo, moto, isiyo na ngozi, ilikuwa imekutana kooni mwake, na mguu wake wa kulia ulikuwa umekwisha kutoka kwenye jiwe la kwanza bila yeye kuutuma, na akajua kwamba hapa ndipo Rahaf alipoishiwa pumzi ya kuimba. Akakusanya iliyobaki yake.

"Madam," alisema. "Na mimi ni mtoto wa mtu."

Kisha akasikia nyuma yake mtu anapiga magoti, akasikia neno ambalo katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuambiwa yeye wala mtu mwingine katika nyumba ile.

"Nisamehe, mtoto," alisema madam. "Mwanangu hakukuona. Hakukuona. Nisamehe."

Vidole vilipita chini ya kwapa vikafika kifuani, vikalishika fundo. Likafunguka. Uzito ukaondoka ghafla hata Selipher akaanguka mbele, na mikono yake ikapokewa na vigae baridi vya sakafu.

Alipogeuka, madam alikuwa ameipakata shanta mapajani, anaiyumbisha.

Bi Shamsa aliagiza neno moja tu. Kabla ya magharibi shanta ipelekwe Balad, kwenye moja ya zile nyumba za matumbawe zilizobomoka, iwekwe chini ya ukuta na bakuli la maji baridi, isemwe bismillahi, na mwenye kuiweka asitazame nyuma. Mama wa yule mtoto atamfuata huko. Madam alisema ndiyo, halas, yamekwisha, ataipeleka mwenyewe. Akamtupia Selipher ufunguo bila kumtazama.

Mwezi Septemba, Naftali akiisha kumletea pasipoti toka Riyadh pamoja na ruhusa ya kafili, Selipher alishuka Nairobi, mgongo umepinda kidogo, na hadi leo haujanyooka sawasawa.

Naftali ndiye aliyempigia simu kiangazi kilichofuata. Madam hakuipeleka. Majirani wa chini walisema mwaka mzima, ikifika alasiri, walisikia mtu anakwenda na kurudi juu yao, anaimba polepole wimbo usio wa Kiarabu. Walimkuta chini ya ngazi za jengo, kifudifudi, shanta mgongoni. Ilikuwa tupu. Ndani mlikuwa na maji kidogo, vuguvugu. Leso ya buluu waliitafuta hawakuiona.

Dada yake Selipher amejifungua. Akimletea mtoto amsaidie kumshika, Selipher humpakata mikononi tu, hata mikono ife ganzi. Mgongoni hambebi mtu. Na kila alasiri, saa tisa na nusu, huacha alichokuwa akifanya, hukaa chini, husema:

Ee Mungu, mpokee Rahaf, aliyetaka tu kutembea bila kuamriwa. Mpokee na mama yake, aliyeshindwa kumwacha aende. Ulipo wewe pawe na kivuli na maji baridi. Wavue walichobeba, uwalaze chali, wapumzike. Na yule mdogo aliyeungua, popote alipo jioni ya leo, mwonyeshe mama yake njia, asije akatafuta mgongo wa mtu mwingine. Amina.